Kushindilia, Kumenya au Kuyeyusha: Ulinganisho wa Mashine za Metali Chakavu Zisizo za Chuma kwa Mwenye Yadi wa Uganda

Mwenye yadi wa Kisenyi au Ndeeba jijini Kampala anayenunua alumini, shaba na brasi kwa kilo huanza kufikiria mashine siku anapoliona lori limejaa hadi juu, ilhali mizani inasema limebeba tani moja na nusu tu. Swali analouliza kwa kawaida ni hili: ninunue mashine ya tani ngapi? Kwa maoni yangu swali hilo huulizwa mapema mno. La kwanza ni kujua mzigo unaingia yadini ukiwa na umbo gani, na la pili ni kujua anayeununua kutoka kwako anautaka ukiwa na umbo gani. Kazi ya mashine ni kuutoa mzigo katika umbo la kwanza na kuufikisha katika la pili, na mashine ambayo haifanyi hivyo ni hasara hata ikiwa na nguvu za kuponda gari zima.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu nimewahi kuiona mashine kubwa ya kushindilia ikiwa imefunikwa turubai kwa miezi, mmiliki wake akiendelea kuwalipa vijana wa kuponda sufuria kwa nyundo. Aliinunua kwa kutazama picha. Umeme uliofika yadini kwake haukuitosha, na mzigo wake mwingi ulikuwa nyaya, ambazo mashine ile haikuwa na faida yoyote nazo.

Uchambuzi hutangulia mashine

Mzigo wa Uganda haufanani na ule unaoonyeshwa na watengenezaji wa mashine. Wao huonyesha vilima vya makopo ya vinywaji. Kwetu soda nyingi huuzwa katika chupa za plastiki na za kioo, kwa hiyo makopo ya alumini ni sehemu ndogo ukilinganisha na sufuria kuukuu, fremu za madirisha, rejeta, pistoni, vichwa vya injini, rimu za magari na nyaya za umeme. Vyote hivyo huitwa alumini, lakini havifanani kwa ndani. Waya wa umeme wa alumini ni safi kwa zaidi ya asilimia 99. Fremu ya dirisha ina magnesi na silikoni kwa kiasi kidogo sana. Kichwa cha injini kina silikoni ya kiasi cha asilimia 5 hadi 12, kwa sababu ndiyo inayoifanya alumini ijaze kalibu vizuri inapomiminwa. Vitu hivi vikishindiliwa pamoja, mnunuzi hana njia ya kuvitenganisha tena kwa gharama ndogo, na robota zima, yaani furushi gumu linalotoka mashineni, hulipwa kwa bei ya kilicho duni ndani yake.

Chuma ni adui mkubwa zaidi. Bolti iliyoachwa ndani ya alumini huyeyuka polepole katika tanuri la mnunuzi, na chuma kikishaingia katika alumini hakuna njia rahisi ya kukitoa. Sumaku hutambua bolti za kawaida, ila aina nyingi za chuma cha pua hazishikwi na sumaku, na hapo hutegemewa jicho la mchambuzi, uzito mkononi na tupa. Kabureta nyingi za zamani nazo huwadanganya wageni wa kazi hii: zina rangi ya alumini lakini ni zinki, na zinki ni nzito zaidi ya mara mbili kwa ujazo uleule. Ndiyo maana naamini vifaa vya kwanza vya kununua ni sumaku nzuri, tupa, meza ndefu ya kuchambulia na mizani iliyohakikiwa na Shirika la Viwango la Uganda, UNBS. Yadi isiyo na vitu hivi haijafikia hatua ya kununua mashine ya haidroli, ile inayosukumwa kwa nguvu ya mafuta.

Mashine tatu za kushindilia

Iko mashine ya kusimama, ambayo bamba lake hushuka kutoka juu na kuukandamiza mzigo ndani ya sanduku, kisha mfanyakazi hulifunga robota kwa waya. Ni ile ile inayotumiwa kwa maboksi na chupa za plastiki. Iko mashine ya pande tatu, ambayo kifuniko chake hufunga kutoka juu na silinda mbili husukuma kutoka pembeni, hadi robota linatoka likiwa gumu bila kuhitaji waya. Na iko mashine ya vitofali, ambayo huchukua vipande vidogo, hasa vinyoleo vya kerezo (mashine ya kuchongea metali), na kuvibana ndani ya kalibu ya duara hadi vishikamane.

Wauzaji huzilinganisha kwa tani za nguvu ya kukandamiza, na hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea, kwa kuwa tani peke yake haisemi chochote bila eneo inalokandamiza. Chukua mashine ya kusimama ya tani 40 yenye bamba la sentimita 100 kwa 70. Nguvu hiyo hugawanywa juu ya sentimita za mraba 7,000, yaani chini kidogo ya kilo 6 kwa kila sentimita ya mraba. Mashine ya pande tatu ya tani 125, inayomalizia robota lenye uso wa sentimita 25 kwa 25, huweka kilo 200 juu ya kila sentimita ya mraba. Mashine ya vitofali ya tani 150 yenye kalibu ya kipenyo cha sentimita 10 hufikia kilo 1,900 hivi. Kutoka ya kwanza hadi ya mwisho tani zimeongezeka kwa chini ya mara nne, lakini shinikizo limeongezeka kwa zaidi ya mara 300. Kwa hiyo muulize muuzaji vipimo vya bamba au vya kalibu kila anapokutajia tani, na upige hesabu hiyo mwenyewe.

Kilo 6 kwa sentimita ya mraba zinatosha kuponda makopo, mabati membamba ya alumini na sufuria nyepesi. Hazitoshi kwa rejeta zilizorundikwa, wala kwa fremu nene za madirisha, ambazo hujikunjua tena bamba linapopanda na kuuvuta waya hadi kukatika, isipokuwa zimekatwa vipande vifupi kabla ya kuingizwa. Vichwa vya injini na rimu visiingizwe kabisa katika mashine ya kusimama. Havipondeki, havihitaji kupondwa, na uzito wake tayari unalijaza lori. Kitakachopatikana ni bamba lililopinda.

Faida ya kushindilia huonekana katika nauli. Kopo tupu la alumini lina uzito wa gramu 13 hadi 15, kwa hiyo kilo moja inahitaji makopo kama 70. Mita moja ya ujazo ya makopo yasiyopondwa ina kilo 30 hivi, na kontena la futi 20, lenye nafasi ya mita za ujazo 33, litabeba tani moja tu. Yakishindiliwa hadi kilo 300 kwa mita ya ujazo, kontena lile lile litabeba karibu tani 10. Kutoka Kampala kupitia Malaba hadi bandari ya Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,100, na mwenye lori hukutoza safari ile ile hata kama sehemu kubwa ya mzigo wako ni hewa. Yadi ya Gulu au Arua inayouza Kampala hukutana na hesabu hiyo hiyo kwa njia fupi zaidi.

Kwa shaba mambo hugeuka. Shaba ni nzito kuliko alumini zaidi ya mara tatu kwa ujazo uleule, kwa hiyo shaba nzito iliyopangwa vizuri hufikia kikomo cha uzito wa kontena kabla ya nafasi kwisha. Kuishindilia hupunguza nauli kidogo tu, na huongeza shaka: mnunuzi akiona robota la shaba lililobanwa hadi ndani halionekani, hudhani kuna kitu kimefichwa katikati, na mara nyingi hutaka likatwe mbele yake. Shaba na brasi ziachwe wazi ndani ya magunia au mapipa, zionekane.

Mashine ya vitofali nitaipita haraka. Ni nzuri kwa kiwanda chenye makerezo mengi yanayochonga alumini au brasi ya aina moja kila siku, kwa kuwa vinyoleo vilivyo huru huungua kwa wingi katika tanuri, na kubanwa huvikamua pia mafuta ya kupozea. Karakana za Katwe, Kampala, huchonga chuma na alumini kwenye kerezo moja, asubuhi hiki na mchana kile. Vinyoleo vyao ni mchanganyiko, na kitofali cha mchanganyiko hakina mnunuzi.

Nyaya: kumenya au kusaga

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na ndipo madhara kwa watu yalipo makubwa zaidi. Njia iliyozoeleka ya kuipata shaba ni kuzichoma nyaya uwanjani jioni. Plastiki ya PVC ikiungua hutoa asidi ya haidrokloriki na sumu iitwayo dayoksini, na wanaozivuta ni vijana wanaochoma, akina mama wanaouza chakula jirani na watoto wanaopita. Nasema bila kuzunguka kwamba mwenye yadi anayeruhusu jambo hilo anawadhuru majirani zake, na kwamba mashine ya bei ndogo kabisa katika ulinganisho huu ingetosha kulikomesha.

Hata kwa hesabu ya biashara peke yake, kuchoma ni hasara. Katika madaraja yanayotumiwa na wanunuzi wa kimataifa, waya wa shaba safi uliomenywa, unaong'aa, huitwa Barley na hupata bei ya juu. Waya uliochomwa huwa mweusi na hukatika kwa urahisi, na hushushwa hadi daraja la Birch, linalokadiriwa kuwa na shaba ya asilimia 96. Moto uliodhaniwa kuokoa kazi umeipunguza bei ya kila kilo.

Mashine ya kumenya huchana ganda la plastiki kwa kisu huku magurudumu yake yakiuvuta waya. Nyingi ndogo hutumia umeme wa kawaida wa volti 240, na zipo za kuzungusha kwa mkono. Inataka waya mnene na ulionyooka. Kebo za chini ya ardhi, nyaya za mota na kebo za majengo hupita vizuri, lakini nyaya za simu, za kompyuta na za taa za magari ni nyembamba mno au zimesokotana, na mfanyakazi atapoteza siku nzima akitafuta kilo chache.

Mashine ya kusaga ndiyo inayozifaa hizo. Huzikata nyaya hadi kuwa chembe, kisha hutumia upepo na meza inayotetemeka kuitenga shaba na plastiki, kwa kuwa shaba ni nzito kuliko PVC zaidi ya mara sita kwa ujazo uleule. Ikirekebishwa vizuri hutoa chembe zenye usafi wa karibu asilimia 99. Ikirekebishwa vibaya, plastiki hubaki katika shaba na shaba hutupwa pamoja na plastiki, na hasara hiyo ya pili haionekani mpaka mtu aipepete taka. Inahitaji umeme wa fezi tatu, visu vya kunolewa mara kwa mara, kikusanya vumbi kinachofanya kazi kwa hakika, na mzigo wa kutosha kila wiki. Nyaya za shaba na za alumini zikiingia pamoja, chembe zake ni vigumu kuzitenga tena. Mnunuzi naye hawezi kuzihukumu chembe kwa macho kama anavyouhukumu waya mrefu unaong'aa. Atachukua sampuli na kuiyeyusha, na malipo yatasubiri.

Ushauri wangu kwa yadi nyingi za Kampala, Jinja na Mbale ni kuanza na mashine ya kumenya, kuziweka nyaya nyembamba kando katika magunia makavu, na kuziuza kama zilivyo kwa mwenye mashine ya kusaga. Yadi tano zikiungana kununua moja ya kusaga, hapo hesabu hubadilika.

Mkasi wa mamba, ule mkubwa wenye taya moja inayopanda na kushuka, hausifiwi sana lakini hulipa haraka. Rejeta iliyokatwa pande zake za chuma huuzwa kama rejeta safi. Waya wa umeme wa alumini wenye uzi wa chuma katikati hukatwa vipande vifupi ili uzi utolewe. Fremu ndefu hupunguzwa ziingie katika mashine ya kusimama. Taya zake hazitofautishi kidole na fremu, kwa hiyo usinunue usio na kizuizi cha mbele wala pedali yenye kifuniko.

Tanuri

Wengi huona tanuri kama hatua ya juu kabisa: kwa nini niuze chakavu wakati naweza kuuza mikuo, yaani vipande vya metali iliyoyeyushwa na kumiminwa? Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, na mafundi wa Katwe huiyeyusha kwa ustadi unaostahili heshima, wakimimina sufuria katika kalibu za mchanga. Kuyeyusha alumini chakavu huhitaji karibu asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kuipata kutoka kwenye mawe ya boksiti. Kwa hiyo wazo lenyewe si baya.

Tatizo ni kwamba chakavu kilichochambuliwa vizuri hujieleza chenyewe: mnunuzi akiiona pistoni anajua ni pistoni. Mkuo haujielezi. Asiyejua kilichoingia humo ataudai upimwe, na usipopimwa ataukadiria kwa bei ya chini. Nimeona mikuo ikilipwa chini ya fremu za madirisha zilizoizalisha. Yeyusha kama una mnunuzi aliyetaja anataka nini, au kama unatengeneza bidhaa yako mwenyewe. Vinginevyo unanunua kuni, mafuta au umeme ili kuharibu uchambuzi uliokwisha kuufanya.

Kwa kinadharia, kilo moja ya alumini hutaka kiasi cha uniti 0.3 za umeme ili kuyeyuka, na tanuri zuri la umeme hutumia 0.5 au zaidi, yaani uniti 500 na kuendelea kwa tani. Shaba, inayoyeyuka kwenye nyuzi 1,085, si kazi ya chungu cha mkaa pembeni mwa yadi. Mgodi wa Kilembe ulipokuwa ukifanya kazi, shaba yake ilipelekwa kwa reli kutoka Kasese hadi Jinja ili iyeyushwe karibu na umeme wa bwawa la Owen Falls. Waliojenga mpango huo walijua kwamba kusogeza mzigo ni rahisi kuliko kusogeza nishati.

Usalama wa tanuri una kanuni zisizojadiliwa. Maji yakinaswa chini ya alumini iliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafla na kuirusha juu, na kopo lililoshindiliwa likiwa na soda ndani hufanya vivyo hivyo. Kila kitu kikaushwe na kupashwa joto kabla ya kuingizwa. Mitungi ya gesi, shokamzoba na kitu chochote kilichoziba kisiingie tanurini wala katika mashine ya kushindilia. Maganda ya risasi na mabaki ya silaha yasinunuliwe hata kama brasi yake inavutia. Taarifa ipelekwe polisi. Betri za magari nazo zisivunjwe yadini. Metali ya risasi (ledi) iliyomo huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu, jambo linalowashawishi watu kuiyeyusha kwa moto wa kawaida, na vumbi lake hudhuru ubongo wa watoto bila dalili za mapema. Anayetengeneza sufuria za kupikia asiingize katika chungu metali asiyoijua, kwa kuwa ledi iliyomo haiondoki, inahamia mezani.

Umeme na sheria

Tangu Aprili 2025 usambazaji wa umeme katika sehemu kubwa ya nchi uko mikononi mwa UEDCL, kampuni ya serikali, baada ya mkataba wa kampuni iitwayo Umeme kumalizika. Kabla ya kusaini ununuzi wa mashine ya fezi tatu, omba jibu la maandishi kuhusu uwezo wa transfoma inayokuhudumia. Mota inayowashwa moja kwa moja huvuta mkondo wa mara tano hadi saba ya ule wa kawaida kwa sekunde chache, kwa hiyo jenereta inayolingana na mota kwa kilowati haitaiwasha. Mashine ya kusimama yenye mota ya kilowati 5.5 au 7.5 hustahimilika katika maeneo mengi. Ile ya pande tatu ni mjadala mwingine. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, mashine ya kushindilia yenye injini ya dizeli yake yenyewe ni chaguo la busara, ingawa kelele na matengenezo yake ni mengi zaidi.

Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019 na kanuni za taka za 2020 zinakutaka uzungumze na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kabla ya kuwasha tanuri, si baada ya majirani kulalamika. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inahusu mashine zote zilizotajwa. Marekebisho ya Sheria ya Umeme ya 2022 yaliongeza adhabu kwa uharibifu wa miundombinu ya umeme, na mwenye mashine ya kumenya nyaya ndiye wa kwanza kushukiwa. Daftari lenye jina la kila muuzaji, nambari ya kitambulisho chake, aina ya waya na uzito wake lina thamani sawa na mashine yenyewe.

Ukiwa umeamua, usilipe kwa kuonyeshwa video. Peleka mzigo wako mwenyewe, magunia ya aina unayoinunua kila siku, ushindiliwe mbele yako. Pima robota kwa mizani na kwa futi, ujue kilo ngapi ziko katika mita ya ujazo. Uliza kama sili za silinda na mipira ya mafuta ni za vipimo vinavyopatikana Kampala au ni lazima ziagizwe. Kisha acha mashine ifanye kazi saa nzima bila kupumzishwa, izimwe, na uweke kiganja kwa uangalifu juu ya tangi la mafuta ya haidroli. Likikuunguza ukashindwa kukiacha kiganja hapo, kipoza mafuta hakitoshi au pampu imechoka, na sili ulizoziulizia utazihitaji kabla ya msimu kuisha.